Kiwanda Bila Fundi

Shemeji yake hakumsemesha mwaka mzima, na kosa lenyewe lilikuwa la kujitakia. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemwomba, tena mbele ya watu, amwambie saluni yake ina thamani gani. Mwanamke huyu, ambaye riziki yake ni kuthamini biashara za watu, akaichukulia kama kazi. Alikaa na daftari siku mbili, akahesabu vichwa vinavyonyolewa kwa wiki, kodi ya chumba, umeme na mishahara ya vinyozi wawili, kisha akatoa jibu bila kulipaka sukari: "Shemeji, saluni yako ina thamani ndogo kuliko viti vyake. Uza viti, funga mlango, utapata zaidi." Watu walivunjika mbavu. Shemeji alitazama pembeni, akaomba maji ya kunywa.

Tangu hapo ukoo mzima ukamwita Bi Punguza, na jina likamfuata mpaka ofisini. Halikumwudhi. Kilichomwudhi ni watu kudhani kwamba yeye ndiye anayepunguza. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa mthamini wa makampuni, na ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la miwani, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Watu wakitaka kuuza kampuni, kuinunua, kuirithi au kugawana baada ya kugombana, walipanda ngazi zile wakihema na kumwuliza: hii ni kiasi gani?

Kwa wateja alikuwa na maelezo yake, aliyoyarudia mpaka karani wa mapokezi akayajua kwa moyo. "Usiniletee faida. Faida ni maneno ya karatasi. Mimi nataka ile pesa inayobaki mezani baada ya kila mwenye haki kulipwa na kila mashine kutengenezwa. Pesa ambayo ukiitia mfukoni ukaenda zako, kiwanda hakilali njaa." Hapo anatulia, anavua miwani. "Halafu pesa ya kesho si pesa ya leo. Ukiniahidi laki mwakani, leo sikupi laki. Nikikuamini nakupa elfu tisini. Nisipokuamini nakupa sabini. Nisipokuamini kabisa nakupa chai, unakunywa, unaondoka. Hiyo tofauti ndiyo gharama ya mtaji. Mwenye pesa lazima alipwe kwa kusubiri na kwa kuogopa." Wateja walicheka alipofika kwenye chai. Wengi hawakusikia yaliyotangulia, na wengine walikuja tena mwezi uliofuata kuuliza faida yao imekwenda wapi.

Kazi ya kiwanda cha trei za mayai ilimjia Jumatatu moja, ikiwa imefungwa vizuri kwenye faili la kijani. Baba wa familia alikuwa amefariki na kuacha mafungu matatu sawa: moja la mjane wake, moja la mwana wa kiume, moja la binti. Yule mwana ndiye aliyekaa ofisini kiwandani na kupenda kuitwa Mkurugenzi, hata nyumbani. Binti alikuwa mdogo wake, mwenye miaka thelathini na minne, na wafanyakazi wote kumi na wanne walimwita Fundi. Sasa Fundi alitaka kuondoka. Kaka yake alikubali kumnunulia fungu lake, na wote watatu wakaweka sahihi kwamba bei atakayosema mthamini ndiyo bei, hakuna kunung'unika.

Hesabu za karatasi zilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Kiwanda hakikuwa na deni. Hakikukua wala kusinyaa: mayai hayana msimu wa kukosa trei. Kila mwaka, baada ya kodi na kila kitu, ilibaki milioni arobaini na mbili. Kwa biashara ndogo kama ile, ya mashine mbili kuukuu na wateja wanaolipa wakikumbuka, Bi Punguza aliona mwenye pesa yake ana haki ya kudai asilimia ishirini kwa mwaka. Ukigawanya kwa asilimia hiyo, unapata milioni mia mbili na kumi. Theluthi yake ni sabini.

Mkuu wa ofisi alikuwa mwanamume mpole mwenye tabia ya kufunga mafaili kabla hayajasomwa. Aliona namba, akaipenda. "Peleka makadirio ya awali leo," alisema. "Wateja wanauliza."

"Sijafika kiwandani."

"Utafika. Andika tu 'ya awali'."

Akaandika 'ya awali', akapeleka. Miaka ishirini na miwili kazini, na bado alikubali kufanya jambo ambalo angemfokea mwanafunzi kwa kulifanya. Watu hawasomi neno 'awali'. Wanasoma namba.

Alipokwenda kiwandani, Alhamisi asubuhi, alifanya kama afanyavyo siku zote. Hakuomba kuona mashine zinazofanya kazi, kwa sababu kila mwenye kiwanda hukuonyesha hizo kwa fahari. Aliomba kuona zilizoharibika. Kila kiwanda duniani kina kona yake ya aibu: mota zilizoungua, pampu zilizopasuka, vyuma vilivyofunikwa turubai. Ukiitazama kona hiyo unajua mashine hufa kwa kasi gani, na kwa hiyo pesa ngapi lazima zirudi ndani kila mwaka kabla mwenye mali hajashika chake.

"Hakuna," alisema Fundi.

"Hakuna vipi? Hamharibikiwi?"

Fundi akacheka. Alikuwa mwembamba, mikono imejaa makovu madogo ya kuchomelea, na kitambaa cha kichwa chenye madoa ya grisi. "Tunaharibikiwa kila wiki, mama. Ila hakikai kikiwa kimeharibika. Njoo."

Akamtembeza. Palipolowekwa maboksi na magazeti ya zamani mpaka yakawa uji, kulikuwa na pampu ambayo tumbo lake alilichomelea kwa bamba la tangi la lori. Mashine ya kwanza, inayofyonza uji ule na kuubana kwenye kalibu ukatoka umbo la trei, ilizunguka kwa beringi za gari bovu. Mota ya mashine ya pili ameizungushia waya upya mara nne kwa mkono wake. Tanuri la kukaushia lilikuwa na feni aliyoiunda mwenyewe. Alieleza kila kimoja jinsi kilivyokufa na jinsi alivyokifufua, na uso wake ulikuwa unang'aa kama mzazi anayetaja matokeo ya watoto wake shuleni. Bi Punguza aliandika. Kisha akafungua faili la kijani, akatafuta mstari mmoja alioupita haraka. Mstari wa nane. Matengenezo na spea: sifuri. Sifuri miaka kumi na mmoja mfululizo.

"Mshahara wako unaandikwa wapi?" aliuliza.

"Mshahara?" Fundi alishangaa kweli. "Mimi si mtoto wa nyumbani? Nakula kwa mama, nikitaka viatu namwambia kaka."

"Na wewe ukiondoka, haya yote nani atafanya?"

"Hilo la kaka, bwana." Akapunguza sauti. "Mimi nina changu. Kuna mzee anastaafu, anauza karakana yake, na mashine ya kukereza vyuma ndani, nzima, nzuri mpaka unataka kulala nayo. Anataka sitini na tano. Kuna mwingine anaitaka, lakini mzee kasema ananisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Nilipoona karatasi yenu ya sabini, mama, nililia. Niseme tu ukweli. Nililia."

Bi Punguza alifunga daftari. Angependa kuirudisha nyuma ile Jumatatu.

Ijumaa nzima alikaa na hesabu ile. Alimpigia simu fundi mitambo wa kiwanda kingine, akauliza mtu wa kiwango kile analipwa kiasi gani. Milioni moja na laki mbili kwa mwezi, na hapo umempata kwa bahati. Akauliza bei ya spea za dukani, akakadiria ni lini zile mashine mbili zitahitaji kununuliwa nyingine. Jumla ilikuwa milioni ishirini na nne kwa mwaka. Ukiitoa kwenye arobaini na mbili, zinabaki kumi na nane. Gawanya kwa asilimia ishirini: milioni tisini. Theluthi yake ni thelathini.

Alirudia. Alibadilisha kalamu, akarudia. Akajaribu asilimia kumi na nane, kisha kumi na sita, akijua anachofanya na akijionea haya, maana hiyo ndiyo dhambi ya wathamini: kuanza na jibu unalolitaka kisha kuisumbua asilimia mpaka ikubali. Hata hivyo haikufika hata nusu ya njia. Akafuta.

Kilichomchoma si namba kushuka. Namba alizishusha kila siku. Kilichomchoma ni nani anayeshushiwa. Miaka kumi na mmoja yule binti amekijaza kiwanda kwa jasho lake bila kulipwa, na jasho hilo ndilo lililokifanya kionekane cha milioni mia mbili na kumi. Sasa anataka kutoka na fungu lake, na kwa kuwa anatoka, jasho linatoka naye, na fungu linabaki thelathini. Angekuwa mvivu, mashine zingeoza, spea zingenunuliwa dukani, hesabu ingekuwa tisini tangu mwanzo na hakuna mtu ambaye angelia kwa furaha ya bure. Bidii yake ndiyo iliyomponza. Bi Punguza aligonga meza kwa kiganja mpaka karani akachungulia mlangoni.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo pia. Angeacha mstari wa nane kama ulivyo, Mkurugenzi angekopa sabini benki kwa nguvu ya sahihi yake yeye mthamini, Fundi angepata karakana. Na baada ya miezi sita mota ya mashine ya pili ingeungua, deni la benki likiwa bado bichi, na watu kumi na wanne wangekaa nje ya geti pamoja na fungu la mjane. Hapana. Lakini alitamani mtu amwonyeshe njia ya tatu.

Alikwenda kwa mkuu wa ofisi. "Kampuni inadaiwa na huyu binti mishahara ya miaka kumi na mmoja," alisema. "Tuiandike kama deni. Alipwe kwanza, ndipo wagawane."

"Kuna mkataba?"

"Hakuna."

"Kuna barua? Kuna daftari lolote?"

"Ni familia, mkuu. Nani anaandikiana barua na mama yake?"

"Basi hakuna deni." Alifunga faili, kwa upole. "Sisi tunathamini kampuni. Hatuthamini udugu."

Akabaki Mkurugenzi mwenyewe. Bi Punguza alimfuata ofisini kwake kiwandani, akamkuta nyuma ya meza pana, kikombe cha kahawa mkononi. Alimweleza kama anavyomweleza mtu mzima: thamani itashuka sana, na sababu ni kwamba dada yake anaondoka. Akampa mashauri mawili. Kwanza, wakubaliane kwa maandishi kumlipa dada yake angalau sehemu ya mishahara ya nyuma. Pili, kama anaweza, ampe mshahara wa kweli na amwombe abaki.

"Mama yangu," alisema Mkurugenzi, akitabasamu, "tangu lini mtoto wa nyumbani akalipwa kwa kazi ya nyumbani? Mimi mwenyewe nimefagia hapa nikiwa mdogo."

"Ulifagia. Yeye amejenga mashine."

"Itashuka mpaka ngapi?"

"Tisini. Fungu lake thelathini. Lakini nisikilize vizuri, kwa sababu fungu lako wewe nalo..."

"Thelathini," alirudia Mkurugenzi, na ilionekana wazi kwamba masikio yake yameishia hapo. "Basi andika, mama. Namba ni namba."

Aliandika. Alitumia ukurasa wa kumi na moja wote kueleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba bei hii ni ya kiwanda ambacho Fundi hayumo, na kwamba mafungu yote matatu yameshuka sawasawa. Akapigia mstari. Hakujua kama kuna mtu atakayeufungua ukurasa huo.

Walikutana Jumapili alasiri sebuleni kwa mjane, nyumba iliyo hatua chache tu kutoka getini kwa kiwanda, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, na harufu ya uji wa karatasi ikiingia dirishani. Mjane alikaa katikati. Bi Punguza alimwamkia, akasoma namba bila kuzungukazunguka, maana alijua kwamba habari mbaya ukiizungusha inauma mara mbili. Kisha akaeleza mstari wa nane.

Fundi aliinama akaisoma namba mezani. Alikuwa amevaa gauni safi, na mikono yake yenye makovu ilikaa mapajani kama vitu vya kuazima.

"Thelathini," alisema. "Kwa hiyo mlipotoa mshahara wa mtu wa kutengeneza mashine, mtu mwenyewe ni mimi."

"Ni wewe."

"Mmenitoa kwenye hesabu, ndipo mkanipa theluthi ya kilichobaki."

Bi Punguza alitaka kujitetea, lakini hakuna neno katika sentensi ile lililokuwa si kweli. "Ndiyo," alisema.

"Wanangu," mjane alisema, "mimi sijasoma mambo haya. Huyu akiondoka, kiwanda kinakuwa chini ya nusu?"

"Mama, hayo ni mahesabu tu ya wasomi," alisema Mkurugenzi, naye alikuwa ameshatoa kalamu. "Sote tulikubali. Anayetaka kugeuka ageuke mbele yako."

Hakugeuka mtu. Fundi aliivuta karatasi, akaweka sahihi upesi kama mtu anayebandua plasta. Mkurugenzi akaweka yake, kubwa, yenye mkia. Akakusanya nakala zake, akazigongagonga mezani zikae sawa, akasimama. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya awe mwema.

"Haya, dada, yameisha salama. Kesho uwahi basi. Ile mashine ya pili tangu jana inakwama, na tuna oda ya trei elfu tano."

Bi Punguza alishusha miwani. Alidhani amesikia vibaya.

"Kesho siji, kaka," alisema Fundi.

"Huji vipi? Nani atairekebisha?"

"Sijui. Ameandikwa humo, mstari wa nane, milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Mtafute."

"Wewe ni dada yangu! Hiki ni kiwanda cha baba!"

"Kile cha sabini ndicho kilichohesabiwa mimi nikifanya kazi bure mpaka nife." Hakupaza sauti hata kidogo. "Hicho hukukinunua. Umenunua cha thelathini. Cha thelathini mimi simo."

Mkurugenzi akamgeukia Bi Punguza, uso umembadilika rangi. "Mama, hukuniambia hivi!"

Na hapo subira ya miaka ishirini na miwili ilimwishia Bi Punguza. "Nilikuambia ofisini kwako ukinywa kahawa! Nikakuandikia ukurasa mzima, nikaupigia mstari! Haya, nikwambie tena na leo umalizie kusikia. Jana ulikuwa na fungu moja la milioni sabini, na hukutoa hata senti. Leo una mafungu mawili, yote mawili kwa pamoja ni sitini, na unakwenda kukopa thelathini kulipia. Na mama yako hapa, ambaye hajauza wala kununua kitu, amepoteza arobaini akiwa amekaa kwenye kochi."

Mjane alimtazama mwanawe, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mimi nilikukosea nini?"

Mkurugenzi alikaa chini. Fundi alikwenda akamgusa mama yake begani, akatoka nje. Bi Punguza alikusanya vitu vyake ovyo ovyo na kumfuata, bila kujua anamfuata kumwambia nini. Alimkuta kwenye ukuta wa geti, simu sikioni, mgongo kwa barabara.

"Mzee wangu, shikamoo," alikuwa anasema. "Ile karakana, muuzie huyo mwingine. Hapana, usinisubiri. Hazijatimia. Ahsante, mzee. Ahsante sana." Akakata, akaishika simu kwa mikono miwili, kisha akageuka na kumwona.

"Binti yangu," alianza Bi Punguza, "kama kungekuwa na njia yoyote..."

"Usijisumbue, mama. Nimeifuata hesabu yako mstari kwa mstari, natafuta ulipokosea." Machozi yalimjaa machoni, lakini aliyaacha bila kuyafuta. "Hujakosea popote. Ndicho kinachoniuma."